Herufi za Risasi: Somo la Kompyuta Likitazamwa kutoka Peramiho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta ni mgeni aliyekwisha kupokewa kila pembe ya Afrika ya Mashariki, bara na visiwani, na leo ni shida kuiona ofisi, hospitali au chuo ambacho hakikumpa kiti. Lakini mwenyeji wake, ambaye ni lugha, bado hajapona. Mgeni ameketi ukumbini akizungumza lugha yake mwenyewe, na wenye nyumba wanamwitikia kwa kichwa. Hali hii hudhihirika zaidi katika lile somo la kwanza ambalo vyuo vimelipa jina la Utangulizi wa Sayansi ya Kompyuta. Kwa vijana wengi somo hilo ndilo mlango, na wako ambao hawatasoma jingine la aina yake maisha yao yote. Ni haki basi lihakikiwe kama inavyohakikiwa diwani: limekusanya nini, limepangwaje, limesemwa kwa lugha ya nani, na msomaji wake anaondoka na nini mkononi.

Mahali pazuri pa kulitazamia ni Peramiho. Msomaji wa pwani huenda akashangaa, kwani Peramiho ni mji wa misheni ulio kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Songea, mkoani Ruvuma, mbali sana na upepo wa bahari. Watawa Wabenedikto kutoka Ujerumani walifika hapo mwaka 1898. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Baadaye ikajengwa upya, na kwa miaka ikazaa hospitali, karakana, seminari, vyuo na kiwanda cha uchapaji. Kiwanda hicho ndicho kinachoifanya Peramiho ihusike na maneno haya. Kwa miongo mingi jina la Ndanda na Peramiho limesomeka katika kurasa za mwanzo za vitabu vya Kiswahili vilivyosambaa nchini kote, na jarida la Mlezi likatoka huko huko. Lugha iliyozaliwa ufukweni ilipanda milima ya Ungoni, na huko ikapewa mashine ya kuchapia.

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na ni ile madini laini ambayo wachapaji wa zamani walisubia herufi zao. Watu wa Ungoni waliijua ya bunduki katika miaka ya 1905 na 1906. Wajukuu wao wakaja kuijua ya kitabu. Mpangaji wa herufi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vingi, kila chumba na herufi yake. Aliziokota moja moja, akazipanga kinyume ili karatasini zisomeke sawa, akapima nafasi, akafunga ukurasa, na kazi ilipokwisha akazirudisha kila moja chumbani mwake zikangoje neno jingine. Anayejua kompyuta inavyofanya kazi atatambua hapo karibu kila kitu cha msingi: alama chache zenye idadi maalumu, mpangilio wenye kanuni, nakala zisizobadilika, na mali ile ile kutumika tena na tena. Kijana wa karakana hakuhitaji kwanza kuvuka lugha ndipo aielewe kazi yake. Maneno aliyoyapanga yalikuwa ya Kiswahili, na makosa aliyoyasahihisha yalikuwa ya Kiswahili.

Leo kijana wa chuo, hapo Peramiho au penginepo Tanzania, aketipo mbele ya mashine inayopanga herufi kwa umeme badala ya risasi, huanza mbali zaidi kuliko yule wa karakana. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia sekondari hadi chuoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, lakini mlango huo haukupitika. Kwa hiyo mwanafunzi hukutana na wageni wawili kwa wakati mmoja, fani asiyoijua na lugha ambayo hajaimudu vyema. Akishindwa, hawezi kujua ni yupi kati yao aliyemwangusha.

Muhtasari wa somo lenyewe haupishani sana kutoka chuo hadi chuo. Huanza na historia, ambayo aghalabu ni orodha ya vizazi vya mashine: kizazi cha vali, cha transista, cha saketi unganishi, cha mikroprosesa. Hufuata sehemu za mashine, namba za msingi wa 2, programu, mitandao, hifadhidata, usalama, na siku hizi akili mnemba. Yote hayo hutakiwa yaishe katika muhula mmoja. Upana huo una faida yake, kwa kuwa mwanafunzi huonyeshwa ramani ya nchi nzima kabla hajachagua kijiji cha kuishi. Lakini ramani husomwa na anayezijua alama zake. Asiyezijua hukariri majina, na mtihani wenye maswali ya taja na orodhesha humzawadia kwa kukariri huko.

Dosari ya kwanza imo katika historia. Somo huianza safari yake Ulaya ya karne ya 19, kwa Charles Babbage na mashine zake za magurudumu ya meno, kisha likavuka hadi Marekani ya miaka ya 1940. Hakuna uongo katika hayo, ila ni kuanza utenzi katikati. Neno ambalo fani nzima imelijengea nyumba, algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufikia jibu, limetokana na jina la mtu: al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha hesabu za Kihindi kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likageuka kuwa jina la ufundi wenyewe. Na mtu wa pwani hahitaji kufika Baghdad. Kila asemapo hesabu na sifuri huwa anatumia maneno yaliyokuja kwa njia ile ile ya elimu na biashara. Sifuri, ambayo ni nusu ya alfabeti nzima ya kompyuta, ilikuwamo katika Kiswahili kabla ya mashine hiyo kuota ndotoni mwa mtu. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo hutoka darasani akidhani kwamba wahenga wake wote walikuwa watazamaji.

Pengo jingine la historia liko karibu zaidi. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuziendesha hesabu za Serikali kwa mashine haukwenda kama ulivyotarajiwa, ukaleta mvurugiko na hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Ajabu ni kwamba katika mwongo huo huo Zanzibar ilikuwa imejiwekea televisheni ya rangi, wakati bara haikuwa na televisheni ya taifa. Hiki ni kisa cha kufundishia. Kinauliza mashine hununuliwa kwa ajili ya nani, nani anaijua, na ikikosea nani atagundua. Muhtasari unaomtaka mwanafunzi ataje vizazi vya mashine za kigeni ukakiruka kisa hiki umemnyima ubeti wake yeye mwenyewe.

Dosari ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya lugha. Haitakuwa insafu kusema kwamba Kiswahili hakikufanyiwa kazi. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Hapo, na katika kazi zilizofuata, yamepatikana au yamethibitika maneno ambayo mshairi yeyote angeyaonea wivu. Kunakili na kubandika hayahitaji maelezo. Pakia na pakua ni jozi iliyokaa vizuri kuliko ile ya Kiingereza, maana ina bandari ndani yake na ina jikoni pia: jahazi hupakiwa, na wali hupakuliwa chunguni. Barua pepe ina mwendo wa upepo. Kipanya ana mkia wake. Maneno haya yameishi kwa sababu yaliokotwa katika maisha ya watu.

Lakini yatazamwe kwa makini. Karibu yote ni majina ya vitu vinavyoonekana juu ya kioo, na ya vitendo vya kidole: fungua, funga, hifadhi, futa. Yanamsaidia mtumiaji. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, ambaye kazi yake ni kujua kinachotendeka nyuma ya kioo, hayatoshi. Fikra za msingi za fani, kama vile sharti, marudio, uthibitisho na mipaka ya yanayohesabika, hazijapata makazi darasani. Mfano wa karibu ni jina la fani inayozungumzwa kuliko zote sasa. Wako wasemao akili bandia, wako wasemao akili unde, na wako wasemao akili mnemba. Bandia huishitaki kabla haijasikilizwa, kama noti ya bandia. Unde linaelekea kwenye kuunda, kazi ya fundi wa chombo, na kwa hiyo linasema kweli zaidi juu ya kitu hicho. Mnemba, kwa mtu wa Unguja, ni kwanza kisiwa kilicho mbele ya Matemwe. Mjadala wa jina una ladha yake, lakini mwanafunzi anaweza kuyajua majina yote matatu bila kujua hata kidogo jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Hapa ndipo uhakiki wa somo hili unapoufikia moyo wake. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia fikra hizo. Kauli hiyo haisimami mtu akiitazama sarufi yenyewe. Mwaka 1854 George Boole alionyesha kwamba hoja zinaweza kuhesabiwa kwa viunganishi vichache, na mwaka 1937 Claude Shannon akaonyesha kwamba viunganishi hivyo hivyo vinaweza kujengwa kwa swichi za umeme. Kompyuta zote zimesimama juu ya hayo. Viunganishi hivyo kwa Kiswahili ni na, au, si: maneno matatu mafupi kuliko karibu yote katika lugha. Mwalimu atapaswa kuonya jambo moja tu. Mwenye mkahawa aulizapo chai au kahawa, hutarajia kimoja. Mashine isemapo au, hutosheka na kimoja na haikatai vyote viwili. Onyo hilo ni somo zima la mantiki, na limepatikana mezani.

Kisha kuna sharti. Kila programu hufika njia panda, ikaamua. Kiswahili kimeiweka njia panda hiyo ndani ya kitenzi. Mvua ikinyesha, tutapanda; isiponyesha, tutangoja. Katika viambishi viwili, -ki- na -sipo-, mna matawi yote mawili: la sharti likitimia na la sharti lisipotimia. Hali kadhalika maadamu na mpaka. La kwanza huendeleza tendo wakati sharti lingalipo. La pili hulikomesha sharti linapofika. Mtoto wa miaka sita huyatumia yote manne bila kukosea. Akifika chuoni huambiwa kwamba anaanza kujifunza jambo geni kabisa, na kwa vile ameambiwa kwa lugha ya mbali, huamini.

Kwa wapenda mashairi jambo la marudio lina uzito wa pekee. Programu hurudia hatua zile zile mara nyingi, kila mara juu ya kitu kingine. Mfasiri mwenye haraka angeyaita marudio hayo kitanzi, kwa kuwa kamusi humpa neno hilo. Lakini masikio ya Kiswahili yakisikia kitanzi huona kamba ya kunyongea, na katika Songea, ambako viongozi wa Maji Maji walinyongwa mwaka 1906, neno hilo si jepesi. Washairi wanalo jingine lililo tayari. Ubeti hurudi na umbo lile lile, mishororo minne, mizani kumi na sita, kipokeo kile kile mwishoni, na kila urudipo hubeba maneno mapya. Malenga naye anajua kwamba marudio yasiyo na kikomo ni maradhi. Ndiyo maana aghalabu hutangaza mwisho wake kwa neno kaditamati.

Neno hilo lingeweza kumfikisha mwanafunzi kwenye jambo kubwa kuliko yote katika fani hii, ambalo somo la utangulizi kwa kawaida huliruka. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila programu, kama itafika kaditamati au itazunguka milele. Hoja yake husimulika kama kisa cha barazani. Tuseme yuko hakimu awezaye kuihukumu programu yoyote. Mjanja mmoja akatunga programu inayomwendea hakimu na kumwuliza habari zake yenyewe, kisha ikatenda kinyume cha hukumu. Hakimu akisema itakoma, yaendelea. Akisema haitakoma, yakoma. Kwa vyovyote hakimu amesema uongo, na kwa hiyo hakimu wa namna hiyo hawezi kuwapo. Hesabu nzito imo humo, na bado kisa hakihitaji neno hata moja la kigeni. Kijana aliyekulia katika vitendawili na mafumbo angelipata jioni moja.

Na tuje kwenye mizani. Alama zinapopita katika waya huharibika, sifuri ikawa moja au moja ikawa sifuri. Njia ya zamani ya kuligundua kosa ni hii: kwa kila kundi la alama huongezwa alama moja ili idadi ya moja iwe shufwa daima. Herufi A huandikwa 1000001. Ina moja mbili, basi huongezwa 0. Herufi C huandikwa 1000011. Ina moja tatu, basi huongezwa 1. Mpokeaji akikuta idadi ni witiri, anajua kwamba njiani pameharibika kitu, ingawa hajui ni wapi. Mwaka 1950 Richard Hamming alichapisha njia ya kupanga alama za ulinzi ili kosa lisigunduliwe tu, bali pia lipatikane lilipo na kusahihishwa.

Wahifadhi wa tenzi na mashairi wanaujua ulinzi wa aina hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalidumu vifuani na katika miswada mpaka Mwalimu Sikujua akasaidia kuyakusanya, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Miswada ya hati za Kiarabu haikuyatenga vizuri baadhi ya matamshi ya Kiswahili, na wanakili walikuwa wanadamu. Kilichoyalinda maneno kwa sehemu kubwa ni umbo. Silabi ikidondoka, mizani yapungua na sikio lashituka. Neno la mwisho likibadilishwa, kina chavunjika. Katika utenzi ulinzi ni wa pande mbili: vina vya vipande vitatu vya kwanza huulinda ubeti kwa ndani, na kina cha kipande cha nne huufunga ubeti huo na wenzake wote tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye kuijua njia ya Hamming atauona undugu. Si kwamba malenga waligundua kompyuta. Kudai hivyo ni kujidanganya. Mizani haigundui neno lililobadilishwa kwa jingine lenye silabi na kina sawa, na vina havikutungwa kwa ajili ya ulinzi bali kwa ajili ya uzuri. Lakini mwanafunzi ambaye sikio lake limekwisha kujua kosa lasikikaje, amekwisha kufika nusu ya njia.

Itapingwa kwamba haya yote ni ya pwani, na kijana wa Peramiho huenda nyumbani kwao akasema Kingoni au Kimatengo. Pingamizi hilo ni la haki. Shairi la Mombasa likilazimishwa kwa mtoto wa Mbinga laweza kuwa geni kama Babbage. Jawabu ni kwamba mwalimu na aanze pale mwanafunzi aliposimama. Magharibi ya Peramiho, katika milima ya Mbinga, Wamatengo wana kilimo chao cha ngolo. Majani hufyekwa na kuachwa yakauke, kisha hulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana kama nyavu. Udongo wa katikati ya kila jicho la wavu huchimbwa na kufunikizwa juu ya majani, likabaki shimo, na pembezoni pakawa tuta lenye mbolea ndani yake. Maharage hutangulia, mahindi hufuata katika msimu wake. Maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kuuburura mlima. Huo ni utaratibu kamili: una pembejeo, una hatua, una marudio, na mpangilio wake haukubali kugeuzwa, kwani anayechimba kabla ya kulaza majani amepata mashimo bila mbolea. Kijana anayeweza kueleza kwa nini hatua ya pili haiwezi kuitangulia ya kwanza ameanza kufikiri kama mwanasayansi wa kompyuta, hata kama hajagusa kibodi. Na Kiswahili, ambacho huko kilizoea kuvipokea vitu vya watu wengine na kuvichapa, ndicho kitakachompa daraja la kwenda darasani.

Itapingwa pia kwamba lugha za programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, na vitabu na kazi ni vya Kiingereza. Kweli. Hakuna mwenye akili timamu atakayemtaka kijana wa Songea asijue Kiingereza. Maneno ya amri katika lugha nyingi za programu ni machache, hujifunzwa kwa siku chache, na Mchina na Mrusi hujifunza hayo hayo huku wakifundishwa mantiki yake kwa lugha zao. Jambo linaloombwa ni dogo kuliko linavyodhaniwa: fikra ifundishwe kwa lugha anayoiota mwanafunzi, kisha jina lake la kimataifa lifuate. Utaratibu wa sasa umeligeuza jambo hilo. Jina hutangulia, na fikra mara nyingi haifiki.

Hasara yake si ya darasani peke yake. Peramiho ina hospitali na ina chuo cha afya. Muuguzi anayehitimu leo atakutana na kumbukumbu za wagonjwa ndani ya kompyuta, na siku moja namba ya mgonjwa itakosewa kwa tarakimu moja, au majina mawili yanayofanana yataunganishwa kuwa mtu mmoja. Aliyefundishwa vitufe atabonyeza tena. Aliyefundishwa jinsi kosa lisafirivyo na jinsi ya kulitambua atasimama na kuuliza. Tena kuna hasara ya lugha yenyewe. Programu za akili mnemba hujifunza kwa maandishi mengi ya wanadamu. Lugha ambayo haikuandikiwa sayansi haitaweza kuulizwa sayansi. Itaulizwa salamu na methali, basi.

Kwa jumla, somo la Utangulizi wa Sayansi ya Kompyuta kama linavyosomeshwa lina nia njema, lina upana, na lina haraka. Limekusanya mengi na limeyafafanua machache. Limeitafsiri ofisi likaiacha akili. Dawa yake haidai bajeti mpya wala tume. Inadai kazi chache za darasani zilizochaguliwa vyema, na moja imekaa ikingoja tangu zamani. Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili cha mwaka 1870, alieleza mchezo wa Zanzibar uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Nyumba huwa mbanyu. Samaki huwa kisama. Mwanafunzi na apewe kanuni hiyo siku ya kwanza, kabla ya vizazi vya mashine na kabla ya majina ya sehemu zake. Aiandike kwa hatua. Aulizwe kwa nini neno la silabi mbili hurudi lilivyokuwa kanuni ikirudiwa mara mbili, na la silabi tatu mpaka irudiwe mara tatu: samaki, kisama, makisa, samaki. Aulizwe la silabi nne litadai ngapi, na ajuaje bila kujaribu. Akijibu, amekwisha kuingia katika fani. Mpangaji wa herufi wa Peramiho, aliyekuwa akizipanga kinyume kila siku, angekielewa kipindi hicho tangu mwanzo hadi kaditamati.